Unga wa Muhuti Ulionisagia

Nyambura,

Namsikia mama yako chumba cha pili akikunja nguo zako, akizikunjua, akizikunja tena, kana kwamba sanduku litapanuka akilibembeleza. Mambo ya blanketi, sabuni na baridi ya Nyeri ameshakueleza mpaka masikio yamekuuma, kwa hiyo mimi siongezi. Naandika kwa sababu tangu siku ile niliporudi kutoka kliniki sijaweza kukuambia neno linalozidi "fungua lango" na "mwite mama yako", na kesho unaondoka kwenda kusomea uuguzi. Sitaki uende ukidhani nimenyamaza kwa sababu hasira imeisha. Haijaisha. Ulinisaliti, mwanangu. Nimeandika neno hilo nikiwa nimekaa, nimeshiba, nimetulia, na bado nimeona ndilo linalofaa.

Utaona pia kwamba sijakuita Maitu. Wewe ndiye msichana wetu wa kwanza, ukapewa jina la mama yangu kama desturi yetu ilivyo, na tangu ukiwa mtoto wa kukojoa kitandani nimekuita hivyo, "mama yangu", mbele ya wageni na mbele ya wapangaji, watu wakacheka nami nikacheka nao. Siku hizi neno hilo halinitoki. Ni kwa sababu yake nilikuamini, hivyo acha nieleze tangu mwanzo, hata kama sehemu kubwa ulikuwepo ukiiona.

Unakumbuka jinsi ugonjwa ulivyonianza. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyelamba chumvi, na suruali zikawa zinanitoka kiunoni. Mama yako aliponiambia sisimizi wamejipanga pale ninapokojolea nyuma ya zizi, nilimwambia awaache wadudu wa Mungu wale. Yeye ndiye aliyenisukuma mpaka hospitali. Pale walichukua mkojo wangu, wakautia katika maji ya buluu ndani ya kichupa, wakaupasha moto, na ile buluu ikageuka kijani, ikageuka manjano, ikafika rangi ya tofali. Daktari alinionyesha kichupa kana kwamba ni picha yangu niliyopiga studio. Akanipa bahasha ya vidonge akasema, "Hivi ni vya maisha, Mzee."

Neno hilo "maisha" ndilo lililoniharibu. Ami yako Kamau alipewa vidonge vya maisha, vya moyo, akavimeza kwa utiifu kuliko alivyowahi kumtii mtu yeyote, na maisha yenyewe hayakumaliza mwaka. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimwona akivihesabu kwenye viganja vya wauguzi. Basi nilipofika nyumbani nilikupa ile bahasha nikakuambia ukaitupe chooni. Ulisema, "Ndiyo, Baba." Nilikuona ukienda nayo mpaka chooni, ukaingia, ukatoka mikono mitupu. Hata leo sijui uliificha wapi. Ndani ya soksi, nadhani.

Nikasema mimi nitajitibu kwa magome ya mti wa muhuti. Mihuti ya ua wetu aliipanda mama yangu mwenyewe, wakati Kawangware hii ilikuwa mashamba na wala si vyumba vya kukodisha, na magome yake aliyachemshia tumbo, macho mekundu, na watoto waliokataa kula. Kusema kweli hakuwahi kuniambia ni dawa ya sukari. Wakati wake ugonjwa huu haukuwa na jina, mtu alikauka tu akafa. Lakini wazee wawili kanisani waliniambia muhuti unaishusha, na mimi nilikuwa nataka sana kuambiwa hivyo.

Ndipo ukaja wewe. Ulikuwa bado na sare ya shule, umesimama mlangoni, ukaniambia, "Baba, usijisumbue na kinu. Niachie mimi nikusagie."

Hujui ulinifanyia nini kwa maneno hayo. Nilienda nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Mtoto mwenye jina la mama yangu ananisagia magome ya mti wa mama yangu. Niliona kwamba hakuna hospitali duniani yenye kitu kama hicho.

Ukawa unayakausha magome juu ya mabati, unayatwanga, unayachekecha, na kila asubuhi unanikorogea unga wake katika maji moto. Uchungu wake ulikuwa wa kumfanya mtu amtaje Mungu. Nilikunywa mpaka mashapo. Na nikapona! Kiu ikakata, mwili ukarudi, na tulipoenda kliniki maji ya kichupa yalibaki buluu kama anga ya Januari. Daktari akanipiga begani akasema, "Unaona? Dawa inafanya kazi." Nilimjibu, "Inafanya sana, daktari," huku nikicheka moyoni. Nilimhurumia, msomi kama yule, anayejisifia kazi ya mti wangu. Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umepanga foleni dirisha la dawa. Uliniambia unamchukulia mama yako dawa ya kichwa, na mimi nikasema una moyo mzuri.

Kuna asubuhi moja sitaisahau. Nilikunywa unga wako, nikatoka kwenda kusimamia paa la chumba cha mwisho bila kula kitu. Nikaanza kutetemeka, jasho likanitiririka, macho yakaona vitu viwili viwili, na mafundi wakadhani nimelewa. Wewe ulikuja mbio na kikombe cha chai yenye sukari nyingi mpaka kijiko kilisimama. Nilikataa. Sukari ndiyo sumu yangu, kila mpangaji kwenye ploti alilijua hilo. Ukanishika taya, Nyambura, ukanimiminia kwa nguvu, unalia unasema, "Kunywa, Baba, tafadhali kunywa." Na nikapata nafuu hapo hapo. Usiku huo nilimwambia mama yako kwamba muhuti ni mkali, karibu uniangushe. Nilisema kwa fahari. Mama yako aligeukia ukutani. Nilidhani ni usingizi.

Ulijua sukari yangu imeshuka mno na ulijua kilichoishusha. Ningeweza kufa pale chini ya ngazi, na mtu wa kwanza kushangaa ningekuwa mimi.

Sasa tufike kwa Ouma, kwa sababu barua hii ni ya Ouma kuliko ilivyo yangu.

Mimi ningekusamehe mapema kama ningekunywa uongo wako peke yangu. Lakini mtu aliyepona hanyamazi, hasa akiwa shemasi na mwenye ploti. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nakumbuka ulinivuta koti nilipokuwa nainuka, nikadhani unaona haya kwa sababu vijana wenzako walikuwa nyuma. Nikaeleza kila kitu: sisimizi, tofali, buluu, mti wa mama. Watu walipiga makofi, na kufikia Jumatano mihuti ya ua wetu ilikuwa imemenywa kama viazi.

Ouma aliishi chumba cha kando ya lango na kushona viatu pale barazani. Alitoka huko kwao ziwani akiwa kijana, na kati ya wapangaji wote ndiye pekee aliyenitania usoni. Aliniita "landlord wa Yesu". Naye alikuwa na sukari, naye alikuwa na bahasha yake ya vidonge, lakini alichoka kupoteza siku nzima ya kazi kwa kungoja kliniki. Asubuhi moja alinisimamisha.

"Baba Nyambura, hii mti yako ni ya Wakikuyu peke yao ama hata sisi watu ya samaki inaweza kutusaidia?"

"Mti haujui kabila, Ouma."

"Na hizi tembe za hospitali?"

Nikamwambia, "Hizo wachana nazo. Mimi nilitupa zangu choo, na niangalie."

Aliniangalia. Nilikuwa nimenenepa, ngozi inang'aa. Wewe ulikuwa umesimama hatua chache tu na sufuria ya maji, na ulisikia kila neno. Baadaye Ouma mwenyewe alinisimulia kwamba ulimfuata barazani ukamwambia asiache vidonge. Alikuuliza kwa nini, ukasema tu, "Usiache, Baba Ouma." Akakucheka. Akasema, "Nyathina, mtoto wangu, baba yako ndiye huyu hapa mzima. Nishike maneno ya nani?" Ukarudi nyumbani. Hapo ndipo ulipokuwa na nafasi, mwanangu. Neno moja zaidi lingetosha. Ungesema, "Vidonge havikutupwa, mimi humsagia." Ulichagua kulinda uongo wako, na Ouma akaondoka na magome.

Nilimpa kwa mikono yangu, tena nikamchagulia upande wa mti unaopata jua.

Msumari wa kiatu cha mteja ulimchoma unyayo. Kidonda kidogo, cha kupaka mafuta tu. Kikakataa kupona, kikaanza kunuka, na unajua kilichofuata. Nilienda kumwona wodini baada ya kukatwa mguu chini ya goti. Na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Ouma, lazima ulichemsha vibaya." Mtu amelala, mguu hauko, na mimi nimesimama juu yake namfundisha kuchemsha. Akaniomba radhi. Alisema pengine alizidisha maji. Kila nikikumbuka hilo la yeye kuniomba radhi, natamani kujificha.

Ulilia sana siku aliyohama kwenda kwa mdogo wake kule Kianda. Nilikusifu kwa mama yako kwamba una huruma, utakuwa muuguzi mwema.

Halafu ukaenda Nyeri kwa mahojiano, ukakawia kwa shangazi yako. Unga ukaisha kwenye mkebe. Mama yako, aliyekuwa anajua yote, aliogopa kukupokea kazi kwa sababu hakujua kipimo, na ile siku ya kutetemeka ilikuwa bado kichwani mwake. Basi nikatwanga mwenyewe, magome matupu, mengi kuliko uliyokuwa ukiweka. Kiu ikarudi. Sisimizi wakarudi. Nikaenda kliniki peke yangu, na kichupa kikawa tofali. Wakati bado nakitazama, yule muuguzi mnene wa dirishani akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mzee, kwani msichana yako ako wapi? Mwezi huu hakukuja kuchukua dawa yako."

Nikasema, "Dawa gani?"

"Si hizi zako za sukari. Ama uliwacha kumeza?"

Nilitembea kutoka hospitali mpaka Kawangware kwa miguu. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa napita njiani nikiona kila kitu upya: foleni, chai, koti, mama yako akigeukia ukutani. Nilijiona kama ndama anayenyweshwa dawa, kashikwa kichwa na wawili.

Ulipoingia langoni ukiwa na bahasha ya chuo, unaipeperusha, nilikuuliza swali moja tu: kwa nini. Furaha ikakupotea usoni. Ukasema, "Ungekufa, Baba." Mama yako akasema, "Ulitaka tufanye nini? Tukuzike na kichwa chako ngumu?" Nikaenda kulala na viatu.

Nimefikiri sana juu ya jibu lako, na kuna sehemu nakupa. Ungeniambia ukweli, ningesukuma kikombe mbali, ningekufa au ningekuwa ninatembelea magongo. Ninavuta pumzi kwa sababu mlinidanganya. Hilo ni gumu kuliko kama mngenidanganya ili kunidhuru, maana ningejua pa kuelekeza hasira. Sasa ikija inanigeukia mimi, inawageukia nyinyi, inarudi kwangu, na nachoka. Na nyumba imebadilika. Mama yako akinipa uji naunusa kwanza. Aliniona nikinusa, akaenda kulia jikoni. Hayo nayo ni matunda ya kazi yako ya kinu.

Kuna kitu kingine ulichochukua, ambacho huenda hujakifikiria. Nilimuuliza daktari kama muhuti ni upuuzi mtupu. Hakucheka. Alisema huko chuo kikuu na nchi nyingine kuna watu wanaokausha mizizi, majani na mbegu, mwarobaini, matango machungu ya karela, kokwa za zambarau, hata miti jamaa ya huu wetu, wanajaribu kuona ipi inashusha sukari kweli na kwa kiasi gani. Mingine inaonyesha dalili. Lakini mti mmoja haulingani na mwingine, na gome la kiangazi si gome la masika, na mtu akichanganya na vidonge bila kusema anaweza kuanguka kama nilivyoanguka. Akaniuliza, "Kwako ulisaidia?"

Nimekunywa magome kuliko mtu yeyote Kawangware, na sijui. Labda mti ulisaidia kidogo. Labda haukufanya chochote ila kuniuma ulimi. Wewe ulichanganya viwili hivyo mpaka hakuna awezaye kuvitenganisha, na mti wa mama yangu sitaujua tena, kama ulikuwa dawa au la. Nilikuwa na haki ya kujua, hata kama kujua kungeniaibisha.

Utakutana na watu kama mimi wodini. Mzee amekunja midomo, anasema hataki. Utakuwa na dawa mkononi na utajua kwa hakika kwamba ni mjinga. Mfokee. Mwite mke wake, mwite mchungaji, kaa kitandani kwake umchoshe mpaka ameze ili upate kuondoka. Mimi hakuna aliyenifokea. Mliogopa hasira zangu, na hilo ni kosa langu, niliwazoesha kuniogopa tangu ukiwa mdogo. Lakini usimtilie kitu katika kikombe. Atakapopona ataenda kuwaambia wengine kilichomponya, na atawaambia kwa moyo wote, na hutakuwapo kumvuta koti.

Siku hizi nameza vidonge mwenyewe, navitoa kwenye bahasha nikiviona. Kanisani nilisimama tena nikasema muhuti haukuniponya, kwamba nilikuwa kwenye dawa ya hospitali. Sikusema zaidi. Wengine waliguna. Bibi mmoja aliniuliza mlangoni kwa nini niliwachezea.

Kisha nikaenda Kianda. Nilimkuta Ouma ameketi kwenye kigoda nje ya chumba cha mdogo wake, anashona mkoba wa shule, gongo limeegemea ukuta. Alifurahi kuniona. Alinitania kwamba sasa nikimletea kiatu atanishonea kimoja kwa bei ya viwili. Nikamwambia. Nilisema, "Ouma, nilikuwa kwenye vidonge wakati wote. Vilikuwa ndani ya ule unga."

Aliacha kushona.

"Kwa hivyo wewe ulikuwa unameza," alisema. "Na mimi uliniambia nitupe."

"Sikujua, Ouma."

"Unakunywa kitu kila siku na hujui? Nani alikuwa anakuwekea, malaika?"

Nyambura, jina lako lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nililifikisha mpaka kwenye meno. Nikamwona Ouma, nikakumbuka jinsi alivyokupenda, alivyokutengenezea viatu vya kufanyia mtihani na kukataa nimshukuru, na nikaona kwamba nikikutaja nitamkata mara ya pili. Nikanyamaza. Kwake, kunyamaza kule kulikuwa kukiri. Akasema taratibu, "Nenda tu, Baba Nyambura. Si nimekasirika. Nenda tu." Nimerudi mara mbili tangu siku hiyo, na kila mara hunijibu salamu kama mtu anayemjibu mpita njia.

Anaamini nilikuwa nameza dawa kwa siri huku nikimwambia azitupe, ili nionekane mtu wa miujiza. Mimi nikiwa yeye, ningeamini vivyo hivyo.

Kesho asubuhi nitatoka kabla yako, nitangulie Kianda, nikae kwenye kile kibanda cha chai kinachotazamana na mlango wao. Mama yako anaijua njia, mnavuka tu Barabara ya Ngong na kushuka. Ukija, utaingia kwa Ouma peke yako. Sitaingia nawe, na sitakupangia maneno. Sijui atafanya nini. Anaweza kukufukuza, anaweza kulia, anaweza kukuita nyathina kama zamani, na hilo naona litakuwa gumu kwako kuliko yote. Ukitoka nitakubebea sanduku mpaka kituo cha basi, na kama hatuna la kusema tutatembea hivyo hivyo.

Usipokuja, nitasubiri mpaka nijue basi la Nyeri limeondoka. Halafu nitavuka niende kumsalimia Ouma, anitazame anavyonitazama siku hizi, nami nitakubali kutazamwa. Jina lako hatalisikia kutoka kwangu.

Baba yako